Koki ya Karai la Mhina

Hapo zamani, wakati sukari nyeupe ilikuwa kitu cha wagonjwa na wageni, watu wa Kwemiwa walitia utamu kwa asali ya miwa. Sikieni vizuri, sisemi asali ya nyuki. Nasema ile inayotokana na maji ya miwa yaliyochemshwa karaini kutwa nzima, yakapungua, yakawa mazito, yakaiva rangi ya kahawia yenye wekundu, na ukiyachota yanashuka polepole kana kwamba hayataki kuuacha upawa. Aliyekula muhogo wa kuchemsha kwa asali ile hasahau. Mimi niliila. Siku hizi nanunua chupa ya dukani yenye picha ya mua na isiyo na mua ndani yake, nanyamaza tu.

Karai la Kwemiwa lilikuwa moja, la Mhina na mkewe Bi. Mwanamvua. Lilikuwa karai la shaba, pana, limekaa juu ya jiko la udongo. Zamani zaidi asali ilichotwa kwa upawa huku inatokota, na hapakuwa na mpishi wa asali asiyekuwa na makovu mikononi. Mhina ndiye aliyewaza kulitoboa karai ubavuni, chini kabisa, akatia bomba fupi lenye nyuzi, ile mizunguko ya kukazia koki, likatokeza nje ya ukuta wa jiko, na mwisho wa bomba akafunga koki. Ukitaka asali unafungua koki na kukinga mtungi. Habari ya kuinama juu ya mvuke ikaisha.

Lakini penye nyuzi za bomba pana upenyo, na asali ikiwa moto ni nyepesi, inapita pale ambapo hamdhani. Kwa hiyo kila kipupwe kilipoingia, kabla mua wa kwanza haujakatwa, Mhina aliifungua koki, akasugua nyuzi kwa majivu na makumbi, akachukua katani. Katani kwetu haikuwa taabu, tulizaliwa katikati ya mkonge. Aliichana mpaka ikalainika, akaipaka mafuta ya nazi, akaizungusha kwenye nyuzi, kisha akairudisha koki na kuikaza. Hizo kelele za utepe mweupe wa mafundi wa leo hazikuwepo. Palikuwa na katani na subira.

Bi. Mwanamvua alikuwa akikaa kando akichambua mchele, akimtazama mumewe bila kujifanya anamtazama. Alimpenda saa ile kuliko saa nyingine yoyote, na hakupata kumwambia.

Na koki ya Mhina ilivuja. Haikuvuja sana, tone moja, watu wakapiga soga, tone jingine. Kila mwaka alisema mwaka huu haitavuja, na kila mwaka watoto walitega majani ya mgomba chini yake wakicheka. Alipolala kitandani mara ya mwisho, pumzi imekuwa fupi, alimshika mkewe mkono akasema, "Mwanamvua, karai na upawa usimpe mtu kwa sababu ya undugu. Mpe atakayeifunga koki isivuje, na alaye asidhurike." Bi. Mwanamvua alicheka huku analia, maana hata kwenye kufa mtu yule alikuwa bado anaiwaza koki.

Basi Mhina akaenda zake. Bi. Mwanamvua akaliendesha karai msimu baada ya msimu, mpaka macho yakaanza kumtupa mkono. Asali huangaliwa, hata anayeijua kwa harufu lazima aione inavyovutika baina ya vidole viwili. Dada yake wa Pangani akamtumia salamu kwamba chumba kipo, aje wazeeke pamoja. Akakubali. Akasema, Maulidi yakipita, naondoka.

Hapo ndipo neno la marehemu lilipomkalia shingoni. Watu wa karai walikuwa watatu, na alitakiwa amwachie mmoja. Akimpa asiyestahili, wawili watasusa, na karai lile haliendeshwi na mtu mmoja. Moto wa Mhina utazimika na yeye ndiye atakuwa ameuzima.

Tuwajue watu wenyewe. Semboja alikuwa mtu wa kinu, ndiye aliyeswaga ng'ombe na kukamua miwa. Ujana wake aliumalizia kwenye shamba la mkonge akifunga mabomba, na mikono yake ilikuwa myepesi kwa kila kitu cha chuma. Alimwita Bi. Mwanamvua mama. Mwantumu alikuwa mtoto wa dada yake Mhina. Kazi yake ilikuwa kuengua povu na kupima asali kwa vidole, na ulimi wake ulikuwa mkali. Alimwita mkaza mjomba. Wa tatu ni Kihiyo, mchochea moto, mzee kidogo kuliko wenzake, rafiki wa Mhina tangu jandoni, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Yeye alimwita shemeji.

Msimu huo nyuzi za koki zilikuwa zimelika sana. Maji ya kuoshea karai yalipotiwa tu, koki haikudondosha, ilimwaga. Watoto walifurahi, wakubwa hawakufurahi, kwa sababu Maulidi yalikuwa karibu na vijiji vyote vya bondeni vilikuja Kwemiwa kula mikate kwa asali.

Semboja akasema, "Mama, niachie mimi. Mabomba ya mvuke ya mkonge nimeyafunga, nitashindwa na hili?"

Akaenda kwenye shamba la mkonge akarudi na kopo. Alfajiri, wenzake wakiwa bado kwenye sala, akapaka nyuzi rangi nyekundu nzito, akaikaza koki, akaiacha ikauke.

Koki ikafungwa. Moto ukawashwa. Watu wakainama kutazama.

Halikutoka hata tone. Asali ilitokota asubuhi, ikatokota adhuhuri, chini ya koki pakabaki pakavu, watoto na majani yao ya mgomba wakaondoka wamenuna. Bi. Mwanamvua alipapasa kiungo kwa kidole, kikavu. Moyo ukamruka. Akasema kimoyomoyo, Mhina, umemwona? Jioni mitungi ikajaa, ikapangwa ukutani, na watu wakaanza kumwita Semboja mwenye karai.

Mwantumu akaenda kuifuta koki. Kitambaa kikatoka na wekundu. Akaingiza kidole kwenye mdomo wa koki, kikatoka na wekundu. Akamfuata Semboja pale alipokuwa anapongezwa.

"Umefungia nini?"

"Rangi ya mabomba."

"Ile ya kopo la shambani?"

"Ndiyo hiyo. Iko kwenye nyuzi, haigusi asali. Usiniharibie siku."

Mwantumu aliijua rangi ile. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi wa shamba lile lile. Aliipaka rangi ile miaka na miaka, na mwisho wake tumbo lilimsokota hadi akalia mbele ya watoto, na vifundo vya mikono vikalegea, asiweze kuinua kikombe cha uji. Mwantumu ndiye aliyemlisha. Akaenda ukutani. Akaupindua mtungi wa kwanza. Akaupindua wa pili. Watu wakamshika, akawaponyoka, akaipindua yote, asali ya Maulidi ikaingia mchangani, siafu wakaja.

Hakuomba ruhusa. Hakumweleza mtu mpaka alipomaliza. Bi. Mwanamvua alikaa chini akalia kwa sauti, kwa sababu miwa iliyobaki shambani ilitosha kujaza karai mara moja tu. Mwantumu alipopata pumzi ya kueleza ya baba yake, watu waliacha kumtukana. Lakini wako waliosema, na wako mpaka leo, kwamba wekundu wa kwenye kitambaa si ushahidi kwamba wekundu uliingia mtungini.

Semboja akainuka. Aliifungua koki, akalitupa kopo chooni, akaondoka kwenda kwao na kujifungia.

Ndipo Kihiyo akakohoa akasema, "Shemeji, hii kazi haitaki vitu vya shambani. Inataka kitu ambacho mtu anaweza kukila. Nta. Watoto wanatafuna masega kila siku, umesikia nani kafa?"

Neno likaingia akilini. Kihiyo akakwangua ile rangi yote kwa kisu na mchanga, akazisugua nyuzi mpaka zikang'aa, akaziba kwa nta safi ya nyuki, akaikaza koki. Akajaza karai maji ya kisima. Yakakaa kutwa. Halikutoka tone. Mwantumu alikuwa amesimama pale, amekunja mikono, hakusema lolote.

Koki ikafungwa. Moto ukawashwa. Watu wakainama kutazama.

Maji ya miwa yalipokuwa vuguvugu, pakavu. Yalipoanza kutoa povu, pakavu. Asali ilipoanza kuwa asali, nta ikayeyuka, na bila nta zile nyuzi zilizolika hazikuwa na cha kushikilia. Koki ikayumba. Asali ikaanza kuruka kwa pembeni, nyembamba, ya moto, kwenye miguu ya watu waliojipanga na mitungi. Wanawake walikuwa pale, watoto walikuwa pale. Koki ikitoka, karai zima lingewamwagikia.

Kihiyo hakutafuta kifaa. Alichukua gunia lililolowa maji, akaizungushia koki, akaikumbatia kwa kiganja, akaisukuma ndani. Gunia lilikauka mkononi mwake. Hakuachia. Watu wakakimbia, Mwantumu akavuta kuni zote nje ya jiko, na mitungi michache ikajazwa kwa kuchota juu, kama zamani kabisa. Kihiyo akashika mpaka karai likapoa. Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye gunia.

Hakuungua mtu mwingine. Asali ya Maulidi ikapatikana, kidogo, kila mtu kijiko kimoja. Vidole vya Kihiyo vilipopona vilikuwa vimejikunja, havikufunguka tena.

Sasa, asubuhi ya siku iliyofuata Maulidi, Mwantumu alikwenda nyumbani kwa Semboja akagonga. Walichosemezana wenyewe wanajua, mimi sikuwepo. Linalojulikana ni kwamba walitoka pamoja. Semboja aliazima kwenye shamba la mkonge chombo cha kukatia nyuzi, akazikata upya za bomba na za koki, zikawa kali, zikashikana. Akachana katani. Mwantumu akakaa mbele yake akimwelekeza. Zungusha kwa upande koki inakokazia, si kinyume, la sivyo katani itajikunja itoke. Uzi wa kwanza wa bomba uuache wazi, usitie kitu, ili uzi wa katani usije ukakatika ukaingia kwenye asali. Mafuta ya nazi, kidogo. Na usijaribu kwa maji baridi. Chemsha maji, yaache yatokote, ndipo utazame.

Koki ikafungwa. Moto ukawashwa. Watu wakainama kutazama.

Maji yalitokota mpaka yakaisha, halikutoka tone. Wakaomba miwa kwa majirani, wakapika asali kidogo, halikutoka tone. Na ndani ya nyuzi mlikuwa na katani na nazi, vitu ambavyo hata mtoto mchanga havimdhuru. Kilichomshinda Mhina maisha yake yote kilikuwa kimefanyika, na Bi. Mwanamvua aliposhika kiungo kile kikavu alifurahi, na furaha ile ikamuuma, kwa sababu mwenye kustahili kuiona hayupo.

Siku ya safari ikafika. Lori la mkonge linalokwenda Pangani lilikubali kumchukua, likasimama barabarani. Sanduku likapakiwa. Bi. Mwanamvua akasimama mbele ya karai ameshika upawa, na wale watatu mbele yake, na kijiji nyuma yao. Akasema, "Semeni. Msinifiche kitu, naondoka."

Semboja akasema, "Mama, marehemu alisema isivuje. Haivuji. Nyuzi nimezikata mimi, katani nimeizungusha mimi. Mimi nikitoka hapa, koki ikilegea mwakani, nani ataifunga?"

Mwantumu akamrukia. "Alisema pia alaye asidhurike. Wewe ulitaka kuwalisha watu rangi siku ya Maulidi. Mkono ni wako, nakubali. Lakini kilichouongoza mkono wako ni nini? Kuacha uzi wa kwanza, upande wa kuzungusha, maji ya kutokota, vyote vilitoka kwangu. Nilivipata kwa mjomba nikiwa mdogo, nikimshikia katani."

Kihiyo akainua kichwa. Akamgeukia Mwantumu.

"Maji ya kutokota ulijua tangu lini?"

Mwantumu akageukia jiko.

"Siku naijaribu nta kwa maji ya kisima ulikuwa umesimama pale. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Nilitaka upawa, Mzee Kihiyo," alisema Mwantumu. "Nilidhani itavuja kidogo tu, uaibike, basi. Wallahi sikujua kama itang'oka. Kila usiku nauona mkono wako."

Kijiji kikaguna. Bi. Mwanamvua akashikilia ukuta wa jiko. Maana na yeye alikaa kando ya Mhina misimu yote ile, hatua chache tu, na maji ya kutokota lazima yalipita mbele yake kila mwaka. Hakuyaona. Alikuwa akichambua mchele na kumtazama Mhina uso, hakumtazama mikono. Angeitazama mikono, angemwambia Kihiyo. Alilijua hilo pale pale, na hakuwa na wa kumlaumu.

Akasema taratibu, "Na wewe, shemeji? Hujadai."

Kihiyo akakohoa. "Mimi nitadai nini? Nta ilikuwa akili yangu, na ilikuwa akili mbovu. Niliwaweka watoto wa watu mbele ya asali ya moto. Ila neno la Mhina ni neno la Mhina. Alisema isivuje, na alaye asidhurike. Siku ile, kwa muda ule, haikung'oka, na hakudhurika aliyekuja kula. Niliizuia kwa hiki." Akaonyesha kiganja kilichojikunja. "Rafiki yangu hakutaja katani. Hakutaja mkono pia. Hakutaja kitu cha kuifungia."

"Na utaushikaje upawa kwa mkono huo?" Semboja akauliza, si kwa ubaya.

"Nina mwingine."

"Sote tumekosa," Semboja akasema. "Mama, kama ni makosa, mimi nililitupa kopo langu na nikarudi kuisafisha kazi yangu. Ninyi wengine mmesafisha nini?"

"Mimi niliisafisha kabla yako," Mwantumu akasema. "Nilimwaga. Mlinitukana wote. Nani angekuwa na moyo wa kumwaga?"

"Kumwaga ni rahisi kwa asiyeoga jasho la kinu."

"Na baba yangu nilimlisha uji kwa kijiko. Usiniambie rahisi."

Honi ya lori ikalia. Dereva alikuwa na haraka ya kuvuka mto kabla pantoni haijafungwa. Bi. Mwanamvua hakuwaona vizuri tena nyuso zao, kwa machozi na kwa yale macho yake. Aliona vivuli vitatu na mikono mitatu iliyonyooshwa. Mmoja ulikuwa na wekundu uliokataa kutoka kwenye kucha. Mmoja ulikuwa na vidole viwili laini, vya kupimia asali. Mmoja haukuweza kunyooka. Akavuta pumzi, akataja jina, akautia upawa katika mkono wa aliyemtaja, akapanda lori bila kugeuka nyuma.

Jina lile wengine wanasema lilikuwa hili, wengine lile, maana honi ililia tena, migongo ya watatu wale ikauficha upawa, na wenyewe hawajapata kusema. Kwemiwa wameligombania mpaka ndoa mbili zimeingia ubaridi kwa sababu yake. Karai lenyewe sasa hivi limepinduliwa nyuma ya nyumba ya mtu, kuku wanatagia chini yake, na mimi kila nikipita hapo pua yangu inatafuta ule mvuke mtamu na haiupati. Sitawaambia ni nyuma ya nyumba ya nani.

Niambieni ninyi. Mmoja aliifunga koki kwa mikono yake, baada ya kuwaletea sumu. Mmoja aliwaokoa na sumu na akatoa ujuzi wote, baada ya kuunyima ujuzi huo hadi mwenzake akaungua. Mmoja aliwaokoa watu kwa nyama ya mkono wake, kutokana na hatari aliyoileta mwenyewe kwa nia safi. Lori linanguruma, Bi. Mwanamvua ana upawa wa Mhina mkononi, na hataweza kurudi kuubadilisha. Je, ungekuwa wewe, ungetaja jina la nani?